Malezi ya Watoto: Mtoto Asiyepatana na Maziwa ya Ng'ombe

Akina mama, pengine mtoto mchanga hutokwa na vipele, hutapika mara kwa mara, au choo chake huwa na damu. Ndipo jirani husema, “Maziwa yako ni mabaya, mwachishe, umpe ya mbuzi.” Shauri hili lina hatari.

Huenda mtoto huyo ana mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, yaani mwili wake waidhania protini hiyo kuwa adui. Kuyachemsha maziwa hakumponyi, wala ya mbuzi si dawa, maana protini zake zafanana sana na za ng'ombe. Uji mwepesi nao humdhoofisha mchanga.

Basi mpeleke hospitali. Kama wanyonyesha, usiache. Protini hiyo hupita kidogo katika maziwa ya mama. Kwa hiyo mganga aweza kukuagiza uache maziwa, mtindi, siagi, hata chai ya maziwa, kwa majuma 2 mpaka 4, kisha uvirudie ili ijulikane hakika. Siku hizo ule dagaa, maharagwe na mboga za majani. Asiyenyonya hupewa maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya mzio huu.

Midomo ikivimba au pumzi ikimbana, usingoje: mkimbize hospitali.

Usikate tamaa, watoto walio wengi huachwa na mzio huu kabla ya kuingia shule. Nanyi walimu, mkilisikia shauri la jirani yule, lisahihisheni kwa upole.