Gari lililoingiwa na maji: Tupige hesabu kabla ya kubadilisha

MVUA katika Mkoa wa Ruvuma huanza karibu na mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili. Hii ni miezi ambayo mkulima wa Kitai, wa Mbinga au wa mwambao wa Ziwa Nyasa hupanda, hupalilia na kusafirisha pembejeo. Ndiyo pia miezi ambayo gari lake huwa katika hatari kubwa ya kuingiwa na maji. Lami imefika Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, lakini mashamba mengi hayapo kando ya lami. Gari linalopeleka mbolea vijijini huvuka vijito, na kijito kilichovukika asubuhi huweza kufurika jioni.

Gari likishatolewa majini, mwenye mali hukutana na watu wawili. Wa kwanza ni fundi, anayesema linatengenezeka. Wa pili ni dalali, anayesema, "Niachie hilo, ongeza kidogo nikupe jingine." Wote wawili wanatafuta riziki, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini kila mmoja ana faida yake katika jibu analolitoa. Kwa hiyo uamuzi ni lazima ubaki kwa mwenye gari mwenyewe, na tunaona kuwa anapaswa kuuamua kwa mambo matatu: maji yalifika wapi, gari ni la aina gani, na hesabu inasemaje.

Kabla ya yote, gari lililozama lisiwashwe. Magari mengi hayauawi na mafuriko, huuawa na haraka ya mwenyewe kutaka kusikia kama injini bado inanguruma. Hewa ndani ya silinda hubanwa na pistoni, lakini maji hayabanwi. Stata ikiizungusha injini yenye maji, konrodi hupinda au kuvunjika, na ukarabati wa oili na chujio hugeuka kuwa ununuzi wa injini nzima. Chomoa waya wa betri, livute gari hadi kwa fundi, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Oili ya gia boksi na ya difu nayo ikaguliwe hivyo hivyo, na tenki la mafuta limwagwe, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hutulia chini.

Sasa tuje kwenye kipimo cha kwanza. Maji yakiishia chini ya viti, kwa kawaida gari linafaa kutunzwa. Kazi itakayokuwepo ni kutoa mazulia na kuyakausha, kubadilisha oili zote, kufungua breki na kuangalia beringi za magurudumu. Maji yakifika kwenye viti, tafakari kwa makini, maana chini ya viti na sakafuni hupita nyaya nyingi. Maji yakifunika dashibodi, hasa katika magari ya kisasa, ushauri wetu ni kuachana nalo. Maji ya ziwa na ya mito yana nafuu, kwa kuwa hayana chumvi kama ya bahari, lakini tope linaloingia katika viunganishi vya nyaya huendelea kula taratibu hata miezi baada ya gari kuonekana zima.

Wanaodhani kwamba fundi hodari anaweza kufufua kila kitu na wautazame mfano wa Japani. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilisababisha mto kuvunja kingo zake mjini Nagano, na maji yakafunika treni 10 za mwendo kasi zilizokuwa zimeegeshwa, jumla ya mabehewa 120. Kwa nje mabehewa yalionekana imara. Hata hivyo kampuni zenye treni hizo ziliamua kuyaondoa kazini, kwa sababu mitambo ya umeme iliyo chini ya sakafu ilikuwa imezama. Kama wenye mafundi na vifaa vya kiwango hicho waliona hasara ya kutengeneza ni kubwa kuliko ya kuacha, mwenye gari la abiria mwenye gereji moja tu ya karibu asione aibu kufikia uamuzi kama huo.

Aina ya gari ndiyo kipimo cha pili. Pickup au Land Rover ya zamani inayotumia dizeli, yenye pampu ya kawaida na nyaya chache, ina nafasi nzuri ya kurudi kazini iwapo haikuwashwa ndani ya maji. Gari linaloendeshwa kwa kompyuta, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi, ni jambo jingine. Leo litawaka, wiki ijayo litazimika njiani, na fundi atabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine bila kupata ugonjwa wenyewe.

Kwa wenzetu wa ukanda huu kuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, wakati Milima ya Matengo hufikia karibu mita 2,000. Gari linaloteremka kwenda ziwani likiwa na magunia au abiria hutegemea breki kwa muda mrefu. Breki zilizoingiwa na tope na kufutwa juu juu haziwezi kuaminiwa kwenye mteremko kama huo. Hapa gharama ya kukosea haihesabiwi kwa shilingi tu.

Kipimo cha tatu ni hesabu, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Una pickup ambayo kabla ya mafuriko ingeuzwa shilingi milioni 14. Sasa, kama ilivyo, mnunuzi anatoa milioni 4. Fundi anasema matengenezo ni milioni 5, na baada ya hapo ingeuzwa kwa uwazi milioni 10. Ukitengeneza, unabaki na thamani ya milioni 10 kutoa 5, yaani milioni 5. Ukiuza kama ilivyo, una milioni 4. Kutengeneza kunashinda kwa milioni 1. Lakini makadirio ya gereji huongezeka mara kwa mara. Matengenezo yakifika milioni 6.5, kuuza ndiko kungekuwa na faida. Kwa hiyo mtake fundi afungue na kukagua kwanza, akuandikie orodha ya vipuri na bei, ndipo ukubali kazi. Ongeza pia siku ambazo gari halitafanya kazi, kwa sababu kila siku ya kukodi gari la mwingine ni sehemu ya gharama.

Angalia kwamba katika hesabu hiyo hatukuitumia ile milioni 14, wala fedha uliyonunulia gari. Maji yakimwagika hayazoleki. Wengi huendelea kutia fedha katika gari bovu kwa sababu tu walilinunua kwa jasho. Jasho hilo halirudi kwa kutengeneza wala kwa kuuza. Swali la haki ni moja: kuanzia leo, njia ipi itaniacha na zaidi?

Tukija kwenye kubadilisha na kuongeza fedha, tahadhari kubwa inatakiwa. Dalali anaweza kukwambia gari lako analichukua kwa milioni 6 badala ya 4, ukafurahi. Lakini gari analokupa, ambalo kwa fedha taslimu angeliuza milioni 13, sasa amelipandisha hadi 15. Utaongeza milioni 9, kiasi kile kile ambacho ungeongeza kama angekuwa mkweli tangu mwanzo. Kinga yake ni rahisi. Uliza kwanza bei ya taslimu ya gari lake kabla hujataja lako. Kisha, siku nyingine au kwa mtu mwingine, uliza atalinunua lako kwa kiasi gani bila kubadilishana. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo fedha halali ya kuongeza.

Jambo la pili ni kwamba gari unalopewa nalo linaweza kuwa lilizama. Desemba 2011 mafuriko yalifunika maeneo ya mabondeni jijini Dar es Salaam, yakiwamo ya Jangwani. Aprili 2024 mvua zilipiga sehemu nyingi za nchi kiasi kwamba aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki dunia. Mwezi huo huo Dubai, ambako wafanyabiashara wetu wengi hununua magari, ilifurika. Gari lililooshwa vizuri halisemi lilikotoka. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uone kama una tope. Inua zulia, angalia kutu kwenye reli za viti na skrubu za chini ya dashibodi, tazama ukungu ndani ya taa, kisha funga vioo kwa muda na unuse. Manukato makali ndani ya gari kuukuu ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Kuhusu bima, wengi wetu tuna bima ndogo, ile inayotakiwa na sheria. Hiyo humlipa mtu uliyemdhuru wala hailipi gari lako lililozama. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kama mafuriko yamo, apige picha alama za maji kabla ya kuosha, na atoe taarifa kabla fundi hajagusa kitu.

Tunataka pia kusema na wanaouza. Si dhambi kuuza gari lililoingiwa na maji. Dhambi ni kuficha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa nafasi ya kuutangua mkataba, ingawa inamtaka naye awe na uangalifu wa kawaida. Andika katika hati ya mauzo kwamba gari lilizama, lini, na nini kimetengenezwa. Bei itapungua, ni kweli. Lakini Kitai ni mahali watu wanapofahamiana, na anayelinunua anaweza kuwa ndiye atakayempeleka mtoto wako hospitali. Lisilotengenezeka liuzwe kwa vipuri, mlango kwa mlango na gurudumu kwa gurudumu. Mara nyingi jumla yake huzidi bei ya dalali.

Mwisho ni suala la wakati. Kahawa ya Mbinga huanza kuvunwa katikati ya mwaka, mvua zikiwa zimekwisha. Anayekopa Machi ili abadilishe gari, akitegemea kahawa ambayo bado iko mtini, ameweka rehani mavuno asiyoyajua bei yake. Kama gari linatengenezeka kwa usalama, litengenezwe na lifanye kazi msimu huu. Kama halitengenezeki, liuzwe, fedha iwekwe, na mzigo ubebwe kwa kukodi au kwa kuchangiana na majirani hadi kahawa iuzwe. Mkulima mwenye fedha mkononi mwezi Septemba hununua gari analolitaka, lakini mwenye deni mwezi Machi huchukua lile analopewa.