Kabla ya kuchoronga Kivu, tuulize habari za tope

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bodi ya Madini, Petroli na Gesi ya Rwanda ilitangaza kuwa kuna dalili za mafuta chini ya Ziwa Kivu. Hapa Kigali, kuanzia Nyabugogo hadi Kimironko, wengi tulianza kuhesabu mapipa. Mimi naomba tuanze na tope.

Kisima cha mafuta hakichorongwi kikavu. Humiminwa tope zito la kupoza keekee, kuzuia gesi isifumuke na kupandisha juu mawe yaliyosagwa. Penye miamba inayovimba ikiguswa na maji, wachorongaji hutumia tope la mafuta. Tatizo ni kwamba udongo wa bentonaiti huvimba vizuri katika maji, lakini katika dizeli hutuama kama mchanga. Basi kiwandani hutiwa kemikali, jamaa ya zile za kulainishia nguo: upande mmoja hushika udongo, wa pili hupenda mafuta. Sasa udongo huo huvimba ndani ya mafuta na kubeba mawe yasizame.

Ni ufundi mzuri, sina ugomvi nao. Lakini mawe hayo hutoka kisimani yamelowa mafuta. Katika Bahari ya Kaskazini, Ulaya, yalimwagwa majini miaka mingi, hadi nchi za huko zikakubaliana mwaka 2000 kwamba yenye mafuta zaidi ya asilimia 1 yasitupwe baharini.

Na ile ni bahari yenye mikondo. Kivu ina kina cha mita 485, na maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Ndiyo maana methani imelala humo. Sambaza wanavuliwa juu yake, na akina mama wangapi wa Rubavu na Rusizi hawana mtaji mwingine ila beseni la sambaza? Mteja wa ng'ambo ya mpaka akisikia tu kwamba samaki wananuka dizeli, hatangoja vipimo vya maabara.

Waliorejea kutoka Uganda wanaijua Hoima. Jirani na huko, mafuta ya Kingfisher yako chini ya Ziwa Albert, lakini visima vilivyoanza kuchorongwa Januari 2023 vinaanzia nchi kavu na kupinda kuelekea chini ya ziwa. Kingo za Kivu ni za milima, najua, na gharama itapanda. Hata hivyo wabunge wetu waulize sasa, kabla mkataba haujatiwa saini: mtachorongea wapi, kwa tope gani, na mawe yake mtayapeleka wapi?