Usikate mkrismasi kwa kuuona umekauka

Kiangazi kikikolea, mkrismasi hubaki matawi matupu na maganda meusi yanayoning'inia. Familia iliyohamia nyumba yenye mti huo uani huweza kudhani umekufa, ikamwita fundi mwenye msumeno, kumbe maua yako njiani.

Kabla ya kukata, mzazi akwaruze kidogo gome la kitawi kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, mti u hai. Mkrismasi, ambao asili yake ni Madagaska, hupukutisha majani wakati wa ukame ili usipoteze maji. Kuelekea Desemba huwaka maua mekundu, na ndipo ulipopata jina.

Wengi huuchanganya na jakaranda. Penye maua hakuna shida, kwa kuwa ya jakaranda ni ya zambarau. Kwenye mche, tazama majani: ya jakaranda hutoka mawili mawili yakitazamana, ya mkrismasi hutoka moja moja kwa kupishana. Ganda la mkrismasi ni refu kama panga. La jakaranda ni la duara na bapa.

Kuotesha ni kazi nzuri ya kufanya na watoto. Mbegu zina ganda gumu, hivyo mzazi mwenyewe amimine maji ya moto juu yake, kisha ziachwe zilowe siku nzima. Zilizovimba zipandwe kwenye viriba vyenye udongo na samadi. Zisizovimba zisuguliwe kwa msasa upande mmoja na kulowekwa tena. Mche uhamishiwe shambani mvua zinapoanza, mahali penye jua la kutosha.

Kosa kubwa ni kuupanda karibu na nyumba. Mizizi yake hutambaa juujuu na ina nguvu ya kuinua sakafu na kupasua ukuta. Uwekwe mita 10 hivi kutoka kwenye msingi, mabomba na shimo la choo. Matawi yake nayo ni mepesi kuvunjika, kwa hiyo bembea ya watoto isifungwe hapo, na wasicheze chini yake upepo unapovuma.

Maua huchukua miaka mitano au zaidi. Mtoto wa chekechea anayepanda mbegu leo anaweza kuyaona akiwa darasa la tano au la sita.