Daftari la Wiki: Ziwa Likifungwa, Bunge Likifungwa

Hapa Mununga, Zambia, kalenda ya ziwa haina mgeni. Tarehe 1 Desemba Ziwa Mweru linafungwa, mwisho wa Februari marufuku ya uvuvi inakwisha. Katikati, nyavu zinakunjwa na daftari la madeni dukani linafunguliwa. Mtoto wa darasa la pili atakutajia tarehe hizo. Muulize baba yake Bunge la Lusaka linakaa lini, atatazama majini.

*

Ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, katiba yao ya 2006 imezitaja siku zenyewe: Bunge la Kinshasa hukaa 15 Machi hadi 15 Juni, halafu 15 Septemba hadi 15 Desemba. Nimewaonea wivu kidogo. Kidogo tu, tarehe hazijawahi kufukia shimo la barabara.

*

Marekani suala la siku za bunge kukaa humfikia mpiga kura. Novemba 2010 watu wa Oregon waliulizwa kama bunge la jimbo lao, ambalo kikatiba lilikuwa la mwaka kuacha mwaka, sasa likutane kila mwaka. Walikubali, ila wakalifunga kamba: siku 160 mwaka wa witiri, 35 mwaka wa shufwa. Texas mpaka leo wanakutana siku 140 kila miaka miwili, na serikali yao haijalala njaa.

*

Sisi Wazambia kura ya maoni tumeipiga mara mbili tangu uhuru. Juni 1969 tulikubali vifungu vya katiba vilivyolindwa vibadilishwe bila sisi kuulizwa (ndiyo, tulipiga kura ili tusipigishwe kura). Agosti 2016 tuliulizwa kuhusu Sura ya Haki. Wengi wa waliopiga wakasema ndiyo, lakini waliojitokeza hawakufika nusu ya wenye sifa ya kupiga kura, ikaanguka.

Mengine Bunge linajiamulia. Tarehe 15 Desemba 2025 lilipitisha Muswada Namba 7 wa kurekebisha katiba, majimbo ya uchaguzi yakapanda kutoka 156 hadi 226, pamoja na viti maalumu 40. Huku nyavu zilikuwa zimetundikwa uani, watu tele nyumbani wana nafasi ya kuulizwa chochote.

*

Likizo ya Bunge ya Krismasi huangukia ndani ya marufuku ya uvuvi. Mbunge anayetaka kusikiliza watu hapati majira bora kuliko haya: hakuna aliye ziwani. Kwa hiyo mgombea akifika na fulana na vitenge vyake nitapokea kitenge, nishukuru, kisha nimuulize: mheshimiwa, Januari utakuwa wapi?