Mzazi Hashibi Hongera

Juzi Jumamosi nilimpelekea mzazi mmoja nepi, hapa Unionville, Kanada, si mbali na bwawa la Toogood. Alinifungulia akiwa amevaa koti la baridi ndani ya nyumba. Mtoto analia ghorofani, yeye amesimama tu kama hasikii. Nikamuuliza amekula nini. "Dada, hata sikumbuki." Ana siku 32 tangu ajifungue. Kwenye kundi letu la WhatsApp alipewa hongera zaidi ya sabini. Mlangoni kwake hakufika mtu.

Sababu tunazijua: Korona, mipaka iliyofungwa Machi 2020 hata mama yake akakwama Mombasa, amri ya Ontario ya kukaa nyumbani ya Januari 14, 2021, theluji, mume zamu ya usiku. Lakini amri gani imekataza supu kuachwa kizingitini? Tumejikataza wenyewe, na ni aibu yetu.

Kwetu mzazi ana arobaini yake. Anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anapokewa ili mama alale. Huyu wetu kaachwa peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake kama 13 katika kila 100 waliojifungua hupata maradhi ya akili, hasa sonona; hiyo ni hata pasipo janga. Na asituambie mtu kwamba haya ni ya Wazungu: Waganda tangu zamani wana jina la mzazi kuvurugikiwa akili, amakiro.

Ndugu zangu, tugawane siku. Kila nyumba siku moja. Peleka chupa ya uji, gonga, rudi nyuma mita mbili, ngoja atoke umwone. Muulize amelala saa ngapi, na usiridhike na "sijambo". Mwenye nafasi amtoe wazunguke bwawa, barakoa usoni. Masheikh na wachungaji, lisemeni hili hata kwa Zoom. Viongozi wa jumuiya, tudai wakalimani kliniki. Shemeji zangu, mkeo akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, piga 911 papo hapo, usingoje miadi. Kwa msaada mwingine ipo simu ya 211, na wakalimani wanapatikana.

Arobaini yake imebaki siku chache mno. Nimefungua orodha kwenye kundi. Kesho ni zamu yangu. Keshokutwa hapana jina, wala siku inayofuata. Nawasihi, andikeni.