Si moshi njo tunalilia

Leo ninawaelezea aibu yangu.

Siku ya yenga iliyopita nilikuwa natembea na binti yangu hapa Kolwezi. Tukapita karibu na kiwanda kimoja ambamo wanachoma sulfuri kwa kufanya asidi ya kutolea shaba ndani ya mawe. Upepo ukatuletea ile harufu kama ya alumeti inayowashwa mbele ya pua. Mutoto akaziba pua na kitambaa, akakohoa. Mimi nikasimama, nikavuta pumzi, nikaanza kucheka peke yangu. Akaniuliza: “Papa, unacheka nini? Inanuka mubaya!”

Nilicheka kwa sababu pua ilikuwa imekwisha kunifikisha kwetu: Lubumbashi, kambi ya wafanyakazi karibu na fonderie, miaka ya 80. Picha unaiangalia ukipenda, lakini harufu inaingia bila kupiga hodi. Kwa pumzi ile moja nikasikia makala ya jioni, bitoyo kwenye mafuta, unga mpya siku ya mposho, sabuni kwenye shingo ya baba akitoka kazini, na vumbi nyekundu ikipigwa na mvua ya kwanza. Mama, ambaye hayuko tena, alikuwa anasonga bukari.

Kule kwetu, moshi ya cheminée ilikuwa habari njema. Upepo ukigeukia kambi, ba mama walikimbia kuondoa nguo kwenye kamba, macho yakatuwasha, koo ikakauka. Lakini hakuna mutu aliyelalamika: moshi iko, makuta iko. Tuliogopa siku ambapo haitaonekana. Na siku ile ilifika, miaka ya 90. Cheminée ikanyamaza, hewa ikawa safi, na sufuria nazo zikabaki safi.

Njo maana wengi wa umri wangu wanasema kila siku: “Zamani ilikuwa muzuri.” Mimi pia ninasema. Lakini tangu siku ile najiuliza: ni nini tunalilia kweli?

Tutenganishe harufu. Harufu ya unga ilikuwa ya mposho. Nyuma yake kulikuwa na masomo ya watoto, lupitalo, nyumba yenye maji. Hii tunaililia kwa haki, hata kama tunajua pia kwamba nyumba ile ilifungwa na kazi: baba akipoteza kazi, jamaa yote inafunga mizigo. Lakini harufu ya sulfuri ilikuwa sumu tu. Upande ambao upepo ulizoea kupeleka moshi, miti ilikufa, udongo ukabaki uchi. Nenda Penga-Penga ukaone. Kile kilichoua mti hakikuruka kifua cha mutoto.

Leo, wandugu, wametuachia sumu, lakini unga imeondoka. Malori ya shaba na cobalt yanapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa. Lakini wangapi kati yetu wanaingia kazini kupitia kampuni ya katikati, na kontra ya miezi michache? Nyumba ni shida yako. Lupitalo, uje na franga mkononi.

Na tukidai maski nzuri, ni sisi wenyewe tunanyamazishana. Katika mkutano mmoja, mzee aliniambia: “Mwanangu, sisi tulikula moshi ile, na tungali hapa.” Sikumjibu, kwa heshima. Lakini nilikumbuka kikohozi cha baba yangu usiku, ambacho sisi watoto tulikizoea sawa sirène ya asubuhi.

Ba delege wa kila kampuni, tuombe mambo matatu. Moja, hewa ipimwe, na hesabu ibandikwe mahali ambapo kila mfanyakazi na jirani anaweza kuisoma. Mbili, maski zinazofaa, hata kwa wale wa kampuni ya katikati, maana pua yao ni moja na yetu. Tatu, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Tuulize: kwetu imejenga nini?

Binti yangu atakuwa mutu mukubwa. Siku moja, mbali na hapa, harufu fulani itamrudisha Kolwezi bila kumuomba ruhusa. Napenda iwe bukari ya mama yake, ao mvua ya kwanza. Isiwe ile iliyomfanya azibe pua, na baba yake amesimama pembeni anacheka.