Acheni Kuziita Almasi za Kizamani "Zimekufa"

Kuna video za aina moja zinanichosha. Mtu anashika pete ya nyanya yake, jiwe la kizamani, anailengea tochi ya simu halafu anatangaza: "Hii imekufa, haing'ai." Kisha analeta pete mpya inayomemeta kama matatu ya Nairobi usiku, na laiki zinamiminika.

Haijakufa. Wewe ndiye umeiwekea taa isiyo yake.

Hebu tuelewane. Almasi ikitoka ardhini ni kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga. Moto wake unatokana na mkato. Fundi anachonga nyuso ndogo ndogo ili mwanga uingie, ugonge ndani, urudi machoni. Sasa jiulize, fundi wa miaka ya 1700 na 1800 alichonga kwa ajili ya mwanga gani? Mshumaa na taa ya mafuta, si tochi ya simu. Ndiyo maana ule mkato wa mgodi wa kale una umbo la mto wa kulalia, kichwa kirefu, nyuso pana, na ncha ya chini imekatwa butu hadi ukichungulia kutoka juu unaona kiduara katikati. Kwenye giza hafifu hautoi vimeta vingi vidogo. Unatoa miale mikubwa, mizito, inawaka na kuzima unavyosogeza mkono. Mkato wa waridi ulitangulia: chini bapa kama sahani, juu kama kuba. Huo unang'ara taratibu, kama maji ya mto jioni. Sisi tuliosomea koroboi hapa Golbanti tunaujua mwanga huo kuliko nyinyi wenye taa za duara za kurekodia.

Halafu kuna mkono. Kabla ya mashine ya Henry Morse kule Boston kurahisisha kuviringisha mawe, miaka ya 1870, kila jiwe lilifuata umbo lililotoka nalo mgodini na jicho la fundi. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky akachapisha hesabu za pembe bora, na kuanzia hapo almasi za duara zikaanza kufanana kama sare za shule. Wakusanyaji wanatafuta nini basi? Jiwe lisilo na pacha. Na mawe hayo hayaongezeki, kwa sababu kwa miongo mingi wafanyabiashara waliyakata upya ili yaende na wakati.

Eti hayana alama! Ni kweli, maabara ya GIA ya Marekani hutoa alama ya mkato kwa brilianti ya duara ya kisasa, na mikato ya kale haipewi. Lakini kutopewa mtihani si kufeli mtihani.

Kukata upya kuna gharama, tena kubwa. Koh-i-Noor ilifika Uingereza ikiwa na karati 186 hivi. Watu wa London wakaiona haina mng'ao, ikakatwa upya mwaka 1852, ikabaki karati 105.6. Karibu nusu ya jiwe ikawa vumbi kwa sababu ya macho ya watu wa mwaka mmoja. Mwaka 2008 Laurence Graff alinunua almasi ya bluu ya Wittelsbach, mkato wa miaka ya 1600, akaishusha kutoka karati 35.56 hadi 31.06. Ndiyo, makovu yaliondoka na alama za maabara zikapanda. Alama za mkono wa yule fundi wa kale nazo zikaondoka, na hakuna pesa ya kuzirudisha.

Najua unachotaka kuniambia: Golbanti hakuna almasi. Kweli, utatafuta mpaka Mto Tana ukauke. Lakini tabia ni ile ile. Masonara wa Pwani walikuwa wakiyeyusha riali za fedha za Maria Theresa, zile zilizoandikwa 1780, wakatengeneza mapambo ya akina mama. Binamu yangu alipeleka kekee za nyanya mjini mwaka jana. Sonara akazitupa kwenye mizani, akahesabu gramu, akalipa, akaziyeyusha binamu akiwa bado amesimama pale. Nakshi hakuziangalia hata kidogo. Nyanya aliuliza swali moja tu, kama kuna aliyezipiga picha. Hakuna.

Sijasema usiuze. Mafuriko yakibeba mpunga na karo inadaiwa, uza, nani atakulaumu? Lakini kuuza na kuyeyusha ni mambo mawili, na bei ya gramu ndiyo ya chini kuliko zote, kwa sababu fundi ameondolewa kwenye hesabu. Hilo ndilo linaloniudhi kwenye video zenu: mnawafundisha watoto wa watu kukubali bei hiyo wakicheka.

Kwa hiyo kabla ya mizani, piga picha za nakshi, mbele na nyuma. Zungukia wauza vitu vya kale wawili watatu, Lamu au Mji wa Kale Mombasa, usikie wanasemaje. Na kama kuna jiwe na mtu anakwambia "tulikate upya lipendeze," mwulize kwanza litapoteza karati ngapi, na akuandikie jibu kwenye karatasi.